Jinsi kipande cha filamu kilivyowafanya washonaji wanisimulie kazi yao

Kwa wiki kadhaa niliwauliza washonaji wa kiwandani kazi yao ikoje, nao wakanijibu kwa upole, "Ni kazi tu." Mtafiti mmoja mzoefu alinishauri niwaonyeshe filamu yenye dhuluma ya wazi, akidai kwamba uchungu ungewatoa maneno. Ushauri ule unanikera hadi leo. Nilichagua tukio la dakika kumi hivi, msimamizi akimfokea mfanyakazi hadi anatokwa na machozi. Wahojiwa walimlaani msimamizi wa kwenye filamu, wakamtajia hata adhabu iliyomfaa, lakini nilipowarejesha kwenye kazi yao wakasema kwao hakuna mambo hayo. Nilikuwa nimewatilia jibu kinywani, nao wakalitema.

Nikageukia Modern Times, filamu ya vichekesho ya Charlie Chaplin ya mwaka 1936, ambamo yeye mwenyewe anaigiza mfanyakazi wa kiwandani. Nilikata kipande kifupi tu, pale Chaplin anapokaza nati za vifaa vinavyopitishwa mbele yake kwenye mkanda wa mashine unaozidi kuongezwa kasi, kisha anaondoka hapo huku mikono ikiendelea kukaza hewa. Safari hii sikuuliza swali. Nilimkabidhi mhojiwa kompyuta, nikamwomba asimamishe picha kila anapoona mtengenezaji wa filamu hajui kazi. Tangu hapo yeye akawa mwalimu, mimi mwanafunzi.

Mama mmoja alisimamisha pale mikono inapotikisika, akanyamaza kwa muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza nikajizuia kuujaza ukimya ule. Kisha akasema, "Hapa hajakosea. Kwangu mimi ni mguu." Akanionyesha chini ya meza jinsi mguu wake wa kulia unavyokanyaga pedali hata akiwa usingizini, na jinsi mumewe alivyozoea kuuwekea mto. Dodoso langu lilikuwa na maswali ya mshahara, zamu na likizo. La mwili unaobaki kazini baada ya zamu halikuwamo.

Mahojiano haya yasifanyike kiwandani, kwa sababu watu wakishafunguka husema hata yanayoweza kuwaponza. Kwa mfano, mhojiwa mwingine alirudisha picha nyuma mara nne pale Chaplin anapojikuna na kuwavuruga walio mbele yake, akaniambia nisimtazame Chaplin, nimtazame jirani yake. Ndipo akanieleza namna wanavyopunguza mwendo kwa siri, wote kwa pamoja, ili mwenzao aliyechelewa asionekane.