Ninavyokadiria mauzo ya saruji na mabati hapa Nakuru

Saruji haingoji mnunuzi. Ikikaa stoo miezi kama mitatu, unyevu huipunguza nguvu, na fundi mzoefu akibonyeza mfuko akakuta mabonge, hauchukui. Kwa hiyo kabla sijaagiza lori la kuleta mzigo kwenye hadwea yangu, duka la vifaa vya ujenzi, hapa Lanet, mimi hutazama takwimu.

Huanza na riba ya Benki Kuu, ile inayoongoza riba ya mikopo ya benki. Februari 2024 ilipandishwa hadi asilimia 13, ikaanza kushushwa Agosti mwaka huo, na kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 9.75. Wafanyabiashara wengi walijaza stoo mara tu iliposhuka. Mimi niliongeza mzigo kidogo kidogo, kwa maana benki hazipunguzi riba ya mikopo siku hiyo hiyo. Tena mwenye ploti ya kupangisha akishapata mkopo, bado achorewe ramani na kaunti iipitishe ndipo anunue mfuko wa kwanza.

Shirika la Takwimu la Taifa hutoa kila mwezi kiasi cha saruji iliyotumika nchini na thamani ya ramani zilizoidhinishwa. Saruji iliyotumika inaeleza yaliyokwisha kupita. Ramani ndizo zinazoonyesha yajayo, ila hizo ni za Nairobi. Kwa upande wetu nimejiwekea kipimo changu: napita mitaa ya Kiamunyi na Free Area nikihesabu misingi. Msingi mpya ni saruji na vyuma sasa hivi, mabati baada ya miezi, rangi mwisho kabisa. Nikikuta kuta nyingi zimeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na nyasi zimeota ndani, siagizi mabati hata kiwanda kipunguze bei.

Anayejijengea nyumba ya kuishi hajali sana riba. Anajenga kwa mahindi, kwa chai, kwa pesa za mtoto aliye ng'ambo. Na pesa hizo si haba, mwaka 2024 zilizidi dola bilioni 4.9 nchi nzima. Januari karo inammaliza, Machi hadi Mei mvua inamzuia. Lakini bonasi ya chai, malipo ya mwaka ya wakulima yanayoingia kama Oktoba hivi, ikikaribia, simu zinaanza. "Kijana wangu, niwekee mabati ya geji 30, bonasi ikiingia nakuja na gari," huniambia mama mmoja wa Kuresoi. Oda kama hizo naziandika kwenye daftari kuanzia Agosti, na ndizo zinazoniamulia mzigo wa Septemba.