Vita vya Marekani vilivyoamuliwa na mikokoteni

Kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika ni kama kilomita 40. Mwaka 1777, katika vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la Uingereza la Jenerali John Burgoyne, likishuka kutoka Kanada, lilitumia takriban wiki tatu kupita umbali mfupi kidogo kuliko huo, kati ya Skenesborough na Fort Edward katika jimbo la New York. Waasi, yaani Wamarekani waliopigania uhuru, walikuwa wameangusha miti njiani, wakageuza vijito ili njia iwe tope, wakavunja madaraja. Waingereza walilazimika kujenga madaraja zaidi ya 40, huku chakula chao kikiisha.

Nadhani hapo, kwenye usafirishaji wa chakula na vifaa, ndipo tuanzie tukitaka kuelewa kwa nini Uingereza, yenye jeshi la majini lililoogopwa kote, ilishindwa na makoloni 13.

Piga hesabu. Askari mmoja alipewa karibu nusu kilo ya mkate au unga na kiasi kama hicho cha nyama kwa siku. Watu 30,000 basi wanakula kama tani 27 kila siku, na bado hujalisha farasi. Sehemu kubwa ya chakula hicho ilitoka Ireland kwa meli za matanga, safari ya miezi miwili au zaidi ikiwa upepo ni wa mbele. Mapipa yakifika, mengine yameoza. Na askari wakitoka kambini kutafuta nyasi za farasi, wanaviziwa. New Jersey, mapema mwaka 1777, karibu kila msafara wa malisho uligeuka mapigano.

Miji waliiteka: New York 1776, Philadelphia 1777, Charleston 1780. Haikusaidia. Philadelphia ilipoanguka, Bunge la waasi lilihamia mji wa York na kazi ikaendelea. Nchi ile haikuwa na kichwa kimoja cha kukatwa.

Amri nazo zilitoka London kwa Lord Germain, waziri wa makoloni, mwendo wa majuma mengi. Burgoyne alitegemea jeshi la Howe, jenerali mwenzake wa Uingereza, limkute katika mji wa Albany. Howe akaenda Philadelphia, na Germain alikuwa ameidhinisha mipango yote miwili. Tarehe 17 Oktoba 1777 Burgoyne alisalimu amri Saratoga na watu karibu 6,000.

Februari 1778 Ufaransa ikatia saini mkataba na waasi. Kwangu hili ni zito kuliko pigano lolote, kwa sababu sasa manowari za Uingereza zilipaswa kulinda Karibi, Gibraltar, India na pwani ya nyumbani kwa wakati mmoja.

Matokeo yake yalionekana Yorktown, Virginia, mwaka 1781. Jenerali wa Uingereza Cornwallis alikuwa amejichimbia kando ya maji, akiamini meli zake zitamletea chakula au zitamwondoa. Jeshi linaloegemea bahari likiikosa bahari kwa majuma machache tu, limekwisha. Tarehe 5 Septemba admirali wa Ufaransa de Grasse, aliyetoka Karibi, alikuwa na manowari 24 dhidi ya 19 za admirali wa Uingereza Graves kwenye mlango wa ghuba ya Chesapeake. Graves akarudi New York kukarabati. Washington, kamanda wa waasi, na jenerali wa Ufaransa Rochambeau wakaziba upande wa nchi kavu.

Meli za kumwokoa Cornwallis, zikiwa na askari wapatao 7,000, ziliondoka New York tarehe 19 Oktoba, siku ileile aliyosalimu amri. Zilifika Chesapeake tarehe 24.