Same ni wilaya moja, mvua si moja

Mtu akikwambia kwao ni Same, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, muulize: mlimani au tambarare? Wa Mamba Miamba amekulia kwenye tangawizi na ukungu. Wa Makanya amekulia kwenye mkonge, jasi na vumbi. Upepo wenye mvua hutoka baharini, ukagonga Milima ya Upare na kumwaga maji upande wa mashariki na vileleni; tambarare ya magharibi hupata masalio. Kuna maeneo ya juu yanayopita milimita 1,000 kwa mwaka, wakati Makanya kufika 500 ni bahati. Na wote wana mkurugenzi mmoja na bajeti moja.

Nilipotakiwa, kama afisa ugani, kuandika sehemu ya tabianchi ya mpango wetu wa wilaya, nilikuwa na Mkakati wa Taifa wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi wa 2021–2026 mezani pamoja na jedwali la kujaza: changamoto, hatua, gharama. Mstari mmoja kwa kilimo cha wilaya nzima. Mwenzangu akanishauri niandike umwagiliaji wa matone na upandaji miti, kwa kuwa hayo hayajawahi kukataliwa na mtu. Alisema kweli.

Nikachagua bonde moja badala ya wilaya nzima: Vudee juu, Bangalala katikati, Makanya chini. Utabiri wa vuli na masika wa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, unatuweka pamoja na Arusha na Manyara, kwa hiyo ukisema "wastani hadi juu ya wastani" wanaambiwa hivyo wote watatu. Nilitaka kujua kila mmoja anausikiaje. Tulitumia kalenda ya msimu, ile ya kwenye Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, mbinu ya kupanga mipango pamoja na wananchi, kokoto zikipangwa chini kuonyesha miezi ya mvua, ya njaa na ya kazi.

Vudee waliweka kokoto zao kwenye mmomonyoko. Bangalala waliziweka kwenye ndiva, yale mabwawa ya asili ya Wapare: maji ya mfereji yanakusanywa usiku kucha, asubuhi tundu linafunguliwa na kila mwenye zamu anaelekeza maji shambani kwake. Nilisimama kwenye moja siku hiyo. Tope lilikuwa limeijaza kiasi kwamba mtoto angevuka bila kulowesha magoti, na aliyekuwa wa nne kwenye zamu alikuwa ameshakata tamaa, jembe begani.

Makanya ndiko nilikokaa zaidi. Mzee mmoja aliangalia kokoto zangu za mvua, akazisogeza pembeni. "Bibi shamba, mimi siangalii wingu la hapa. Naangalia kama mlimani kumefunga." Wao hulima kwa mafuriko. Korongo likishuka na maji ya mlimani, wanayachepusha kwa matuta ya udongo na matawi, shamba linashiba, kisha wanapanda mahindi na fiwi, jamii ya maharage. Mvua ya kijijini inaweza isidondoke kabisa na bado wakavuna.

Hapo ndipo jedwali liliponishinda. Fanya juu za Vudee, yale makinga maji ya kuchimba mtaro na kutupia udongo upande wa juu, ni hatua nzuri. Ndiva iliyopanuliwa Bangalala ni hatua nzuri. Zote mbili zikifanikiwa, Makanya anapata ukame ambao haukutoka mbinguni. Tumezoea kusema mikakati iendane na eneo, lakini ukikata bonde vipande vitatu na kukiandalia kila kipande dawa yake, unaweza kumtibu wa juu kwa maji ya wa chini.

Nikaongeza safu moja kwenye jedwali: "nani anaguswa huko chini". Ikabidi kila kijiji kiijaze mbele ya vingine. Kelele zilikuwepo. Bangalala waliacha wazo la ndiva mpya, wakakubali kuzoa tope kwenye zilizopo kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na kusakafia kipande cha mfereji kinachovuja ili maji yasipotelee njiani. Vudee walibaki na fanya juu zao, kingo zikipandwa majani ya ng'ombe, maana makinga maji yanayolisha mifugo hayatelekezwi. Makanya waliomba banio, kizuizi cha kuchepushia maji, la mawe yaliyofungwa kwa nyavu, kwani la matawi husombwa mwanzo wa kila msimu.

Mtama niliufuta. Mipango ya wilaya kavu haikosi mtama, na kwa agronomia ni sahihi, ila akina mama waliuliza nani atafukuza ndege wakati watoto wako shule. Sikuwa na jibu. Fiwi zinavumilia jua, na wanunuzi wa Kenya wanazitaka, kule wanaziita njahi.

Mamba Miamba niliiandikia ukurasa wake. Huko tatizo ni mlima wenyewe: Novemba 2009 maporomoko ya udongo ya Goha yaliua watu zaidi ya 20. Tangawizi ina hela, lakini kuing'oa ni kuchimba, na kuchimba kwenye mteremko mkali mvua kubwa zikikaribia ni kuualika udongo ushuke. Nilipendekeza miteremko mikali ibaki na miti na migomba. Hilo halikuwafurahisha wakulima, na wala halijatekelezwa kikamilifu.

Kwenye kikao cha bajeti sikuanza na tabianchi. Nilionyesha kwamba miradi miwili ya zamani ilikuwa imeahidi maji yale yale ya mto mmoja kwa watu tofauti. Wahasibu walielewa haraka kuliko wataalamu. Vifaa vya kuzolea tope na saruji ya mfereji vilipita, banio la Makanya likasogezwa mwaka unaofuata.

Sasa wajumbe wa Makanya hupanda Bangalala na Vudee kabla ya vuli kukubaliana ndiva zikijaa maji ya ziada yaachiwe saa ngapi. Nauli yao bado haina kifungu kwenye bajeti, wanachangishana wenyewe.