Fundi mwenye chensoo yake, bima yako inamjua?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tukuyu kanipigia, kapata kazi ya kuangusha milingoti (mikaratusi) mitano karibu na nyumba za watu, anataka kuchukua mafundi wawili wenye chensoo zao wamsaidie, akaniuliza kaka hawa unawalipaga shingapi kwa siku. Nikamwambia bei tutaongea, kwanza bima yako inawajua hao watu? Kimya.

Niseme yaliyonikuta. Ilikuwa Uyole, mlingoti mkubwa umelalia upande wa jirani, nikamchukua fundi mmoja wa Mafinga, mtu mzima, kakata miti Sao Hill miaka mingi, kazi anaijua kweli. Tukafunga kamba, akapanda. Sasa mlingoti tawi likiwa zito lina tabia ya kuchanika kabla msumeno haujamaliza, likachanika, likazunguka na kamba, likatua kwenye paa la jirani. Bati nne zikaharibika na simtanki la lita 1000 likaanguka barazani likapasuka, maji yote yakaingia kwenye magunia ya mahindi. Mama mwenye nyumba ile hakupiga kelele. Alichota mahindi mkononi yanachuruzika maji, akaniambia, "Baba, haya ndo ya wajukuu mpaka mwezi wa tatu."

Mi nilikuwa na bima ya dhima, ile inayolipa ukimharibia mtu mali au ukimuumiza, nalipia kila mwaka, kwahiyo nikaenda na makaratasi yangu nikiwa na amani kabisa. Wakaniuliza aliyekata ni mfanyakazi wako? Nikasema hapana, fundi nimemkodi, ana vifaa vyake. Wakafungua mkataba wakanionyesha mstari, inamlinda mwenye bima na waajiriwa wake, mkandarasi mdogo, yaani fundi wa nje uliyemkodi, lazima atajwe au awe na bima yake mwenyewe. Fundi hakuwa nayo. Yule mama hamjui fundi, anayemjua ni mimi niliyepatana kazi pale, basi nikalipa mwenyewe miezi minne.

Wengine wananiambia mi nachangia WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nipo salama. Jamani hivi ni vitu viwili. WCF ni fidia ya mfanyakazi wako akiumia au akiugua kwasababu ya kazi, mwajiri unachangia asilimia 0.5 ya mishahara na humkati mfanyakazi hata shilingi, ni kitu kizuri sana na ni lazima kisheria, ila bati la jirani haliwahusu.

Na usijifariji kwamba huyu ni kibarua tu, tumeandikiana kuwa anajitegemea. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii mmeitana nani. Kama unampangia namna ya kufanya kazi au saa za kazi, kama vifaa umempa wewe, kama anakutegemea wewe kwa kipato, kama amekufanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, moja tu ya hayo inatosha achukuliwe ni mwajiriwa wako mpaka wewe uthibitishe vingine. Akidondoka juu ya mti ndo utaelewa uzito wake.

Siku hizi kabla ya kumwita fundi wa nje naongea na watu wa bima, nawatajia jina lake na kazi yenyewe, mti uko mita ngapi toka nyumba, nyaya za umeme zipo au hazipo, afu naomba wakubali kwa maandishi, maneno ya kwenye simu sipokei. Nauliza pia kiasi gani cha kwanza cha hasara nitabeba mwenyewe likitokea la kutokea. Fundi akiwa na bima yake naomba namba naihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana stika na karatasi za kughushi zipo. Na paa la jirani nalipiga picha mbele yake asubuhi kabla kamba haijafungwa.

Yule kijana alinipigia tena jana, kaenda bimani, wanataka aongeze hela kidogo ili mafundi wake wawili waingie, anaona inamla faida. Nimemwambia amtajie mwenye miti bei mpya leo hii, chensoo zikae chini mpaka karatasi itoke.