Usiku mmoja tu: matembezi yetu ya karibu na Pune

Kila mgeni anayekuja kwetu Pune, magharibi mwa India, huwa ameshaamua kabla hajapanda ndege: anataka Taj Mahal. Wifi yangu alipokuja na mama mkwe, salamu zilikuwa hazijaisha akaulizia lini tunakwenda. Nikamfungulia ramani. Kutoka hapa mpaka Agra, iliko Taj Mahal, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa treni unalala njiani na kuamkia njiani, na ukifika Ijumaa unakuta pamefungwa kwa watalii. Mgeni wa nje analipa rupia 1,100, na 200 juu yake akitaka kuingia kwenye kaburi lenyewe. Sisemi si pazuri. Nasema mtu aliyekuja kwa muda mfupi, pamoja na mama mwenye magoti mabovu na watoto wanaogombania dirisha, asianzie huko.

Kusafiri ndani ya India tumefundishwa na majirani. Ghorofa ya juu yetu kuna familia ya Kigujarati, na mzee wa nyumba ile akishapata kalenda ya mwaka mpya hukaa nayo mezani na kalamu nyekundu. Anatafuta sikukuu zilizoegemea wikiendi: 26 Januari, 15 Agosti, 2 Oktoba, Holi na Diwali zitakapoangukia. Likizo ya wiki nzima kwao ni ya harusi au ya kwenda kuhiji. Starehe ni usiku mmoja, ukizidi sana miwili. Wanaondoka kabla ya jua, na hawaondoki wawili au watatu. Wanakwenda bibi, shangazi, watoto wa shemeji na rafiki yeyote aliyepata fununu. Anti, mama wa familia hiyo, aliposikia tuna wageni akatutumia ujumbe kwamba kwenye gari nafasi ipo. Nafasi haikuwepo, lakini tuliingia.

Gari lenyewe ni basi dogo la kukodi ambalo hapa huitwa tempo. Chini ya viti kunajaa chakula, maana Mgujarati hasafiri bila thepla, chapati nyembamba za unga wa ngano na majani ya uwatu, zenye manjano na pilipili, ambazo hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Kuna achari ya embe kwenye chupa iliyofungwa mifuko mitatu, na chai ya maziwa kwenye chupa kubwa. Mimi nilipeleka maandazi ya iliki. Wenzetu hawali nyama wala mayai, kwa hiyo niliyakanda kwa tui la nazi tu, na hayakufika hata kwenye kituo cha kwanza cha kulipia barabara.

Mkishamaliza kula mnaimba, na hilo halina mjadala. Mchezo unaitwa antakshari: kundi moja linaimba kipande cha wimbo, sauti kilichoishia ndiyo ya kuanzia kundi la pili, na anayekosa wimbo anapoteza pointi. Wao wana nyimbo za filamu tangu enzi za babu zao, wanazijua bibi mpaka mjukuu. Sisi tulikuwa na taarabu. Tatizo ni kwamba kila tulichoimba kiliishia na “a”, tukawatwisha “a” mpaka Anti akatunga sheria papo hapo kwamba “a” ya Waswahili haihesabiwi. Wifi yangu alikata rufaa mpaka Lonavala.

Lonavala ni kama kilomita 65 kutoka Pune, juu ya milima ya Sahyadri, kwa barabara ya mwendo kasi ya Mumbai na Pune iliyokamilika mwaka 2002. Nenda mvua zikishika, Julai au Agosti. Milima yote inageuka kijani na kila ukuta wa jiwe unatiririsha maji. Utauziwa mahindi ya kuchoma yaliyopakwa chumvi, pilipili na ndimu, na bhaji za kitunguu moto zinazokaangwa mbele yako. Madukani kuna chikki, ambazo kwa mtu aliyekulia Tanga ni kashata za karanga zilizosoma zaidi: wana za ufuta, za korosho, za nazi, hata za chokoleti.

Usiende Jumapili. Siku hiyo Mumbai yote na Pune yote zinakutana kwenye barabara ile moja ya kwenda bwawa la Bhushi, na utaitazama mvua kupitia kioo cha gari lililosimama. Ukipata Jumatano, hapo sawa. Pale Bhushi maji ya bwawa hufurika na kushuka kwenye ngazi za ukuta, watu wanakaa juu ya ngazi na nguo zao wakilowana na kucheka. Raha yake ndiyo hiyo. Ila tarehe 30 Juni 2024 familia moja ilisimama katikati ya maporomoko yaliyo nyuma ya bwawa hilo, maji yakapanda ghafla, na watu watano wakasombwa, wengi wao watoto. Mlimani mvua hunyesha mbali na ulipo, wewe unaona maji ya magotini, dakika mbili baadaye ni ya kifuani. Sisi watoto walikaa kwenye ngazi wameshikwa mikono, na walipoanza kudai kwenda juu zaidi tukawanunulia mahindi mengine.

Karibu na hapo kuna mapango ya Karla, yaliyochongwa na Wabudha ndani ya jabali kama miaka elfu mbili iliyopita. Ndani kuna ukumbi mrefu wenye nguzo pande mbili, na juu kwenye dari kuna mbao za mviringo ambazo ni zile zile za mwanzo. Mlangoni kabisa pamejengwa hekalu la mungu wa kike Ekvira, anayeheshimiwa sana na Wakoli, wavuvi wa pwani ya Mumbai. Nao siku hiyo walikuwa wamekuja na ngoma, maua na koo nzima nzima, kwa hiyo ukimya wa kitawa haukuwepo, wala sikuuhitaji. Mhindi analipa rupia 25. Mgeni 300. Mume wangu ana kibali cha ukaazi, anaagiza samosa kwa Kimarathi na muuzaji anamwelewa, bado ni 300. Walio chini ya miaka 15 wanaingia bure, na hapo ndipo watoto walipotudharau rasmi.

Kwa wazee napendekeza Matheran, mji mdogo wa mlimani, ingawa nilidhani itakuwa kinyume. Magari hayaruhusiwi mjini. Unaliacha lako Dasturi, halafu unapanda kitreni mpaka sokoni. Reli ile ya upana wa futi mbili inaanzia chini, Neral, na ilifunguliwa mwaka 1907 kwa fedha za Sir Adamjee Peerbhoy, Bohora tajiri wa Bombay, yaani Mumbai ya leo, mwanawe Abdul Hussein ndiye aliyesimamia ujenzi. Wakati wa mvua treni ya kutoka Neral husimamishwa, lakini kipande kifupi cha juu kinaendelea. Barabara ni udongo mwekundu chini ya miti, farasi wanapita, nyani wanavizia mfuko wako wa chipsi. Zamani ukichoka ulikokotwa na watu kwenye riksho. Mama mkwe alipoelezwa hilo alisema yeye habebwi na mtoto wa mwenzake, atatembea. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamuru kazi hiyo ikomeshwe, kwa hiyo mama na majaji wako upande mmoja. Alitembea taratibu, akikaa kila palipo na benchi, na jioni magoti hayakulalamika. Kwenye Echo Point watoto walipiga kelele ili bonde liwajibu, wakaendelea mpaka sauti zikakauka. Usiku ule tulilala mapema kuliko siku zote.

Habari ya kulala ina mkasa wake, na ndugu zetu wengi hawaambiwi. Hapa kila mwenye hoteli akimpokea raia wa kigeni anatakiwa kutuma taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Form C. Nyumba ndogo za wageni nyingi hazitaki usumbufu huo, hivyo zinakuambia zimejaa. Kuna mahali tulifika saa mbili usiku, malipo yameshafanyika, mhudumu akaziona pasipoti zetu akaanza kukuna kichwa. Anti alishuka kwenye gari. Sijui alimwambia nini kwa Kihindi, ila Kihindi kilikuwa kingi. Hatukulala hapo, lakini fedha zilirudi na akatutafutia nyumba ya binamu wa mtu. Tangu siku hiyo napiga simu kabla ya kulipa na kuuliza waziwazi kama wanapokea wageni wa nje.

Sasa Janjira, ngome ya baharini. Ningekuwa na mgeni wa siku mbili tu ningempeleka huko na kwingine kote ningeacha. Kutoka Mumbai unapanda boti pale Gateway of India mpaka Mandwa, kama saa moja hivi ya bahari, kisha basi la Alibag, kisha barabara ya pwani kuelekea Murud, minazi kulia na kushoto. Sisi tulitokea Pune kwa tempo tukishuka milima, wapo waliotapika, tuyaache. Kijijini Rajapuri unaingia jahazi la tanga pamoja na watu wengi kuliko unavyopenda, na mbele yenu ngome imekaa katikati ya maji kama iliyoota. Mlango huuoni mpaka uufikie. Juu yake pamechongwa mnyama mfano wa simba, amewakamata ndovu kwa kucha, kwa mdomo na kwa mkia.

Waliojenga nguvu zao hapo ni Masidi, watu wenye asili ya Afrika. Wengine waliletwa utumwani kuvuka bahari, wakapanda ngazi za jeshi na meli mpaka wakawa watawala. Wamaratha, watu wa mfalme Shivaji, walishindwa kuitwaa: Shivaji mwenyewe alijaribu, akajenga ngome yake Padmadurg baharini jirani kabisa, na mwanawe Sambhaji mwaka 1682 akajaribu kufukia bahari kwa mawe ili jeshi lipite. Haikuingilika. Dola la Janjira lilidumu mpaka lilipounganishwa na India huru mwaka 1948. Bara, mtu kama Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi na kuuzwa utotoni, aliishia kuwa mshika hatamu wa usultani wa Ahmadnagar mpaka alipofariki mwaka 1626.

Mwongoza wageni alisimulia kwa Kihindi, mtoto wa Anti akatutafsiria. Katikati ya maelezo ya mizinga mama mkwe aliinua mkono kama mwanafunzi: watu wote hawa walikunywa nini? Akaonyeshwa birika kubwa la mawe lenye maji baridi, bahari ya chumvi pande zote. Akaliangalia kwa muda mrefu. “Wenye maji hawatishwi na mizinga,” akasema, na baada ya hapo hakutaka kusikia habari za vita. Wageni wengine wa Kihindi walikuwa wameanza kututazama sisi zaidi ya ngome, mmoja akaomba picha na mama. Alipiga picha na watu wengi siku ile, kila mara akitengeneza mtandio kwanza. Mwenye jahazi alitupa muda usiofika saa moja, na ulikuwa mdogo. Nenda Novemba mpaka Februari. Wakati wa mvua bahari huchafuka na jahazi haziendi.

Safari inayofuata ni Kaas, uwanda wa juu karibu na Satara unaochanua maua ya porini Septemba. Upo kwenye milima ile ile ya Sahyadri, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2012. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo na tiketi zinakatwa mtandaoni, kwa hiyo kundi letu la WhatsApp limeshaanza ugomvi wa tarehe. Wifi amesharudi nyumbani lakini bado yumo kwenye kundi na bado anapiga kura. Anti ameandika kwamba thepla ni zake, maandazi ni yangu, na safari hii niongeze idadi.