Nani Ameniona?

Niliitua vizuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ndege yenyewe ilikuwa Piper J-3 Cub ya mwaka 1946, injini ya nguvu za farasi 65, mwili wa mabomba ya chuma uliovikwa kitambaa. Ukiruka peke yako unakaa kiti cha nyuma, la sivyo uzito hausawaziki. Matokeo yake, ikiwa chini, pua inakuziba macho na unachungulia pembeni kama mtoto nyuma ya watu wazima. Siku hiyo upepo ulitoka kushoto. Haukuwa mkali, ulitosha tu kuinua soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka.

Magurudumu yote matatu yaligusa nyasi kwa pamoja, laini kabisa. Nikajiona bingwa. Nikageuza shingo kuelekea banda la ndege nione nani ameniona.

Miguu ikalegea kwenye pedali. Pua ikaanza kwenda kushoto, taratibu, kama ng'ombe aliyeona malisho. Ndege zenye gurudumu la tatu mkiani huwa na uzito nyuma ya magurudumu makuu. Ikishapinda kidogo tu, mkia unataka kuipita pua, na ukichelewa inazidi kujikunja. Nilikanyaga pedali ya kulia mpaka mwisho. Wapi! Mwendo ulishapungua, usukani wa mkia haukuwa na upepo wa kuushika, na breki za Cub, ambazo hukanyagwa kwa visigino, sikuzipata. Nilikuwa napapasa sakafu kwa kiatu. Bawa la kulia likainama, ncha yake ikalima nyasi, vumbi likatimka, kisha kimya. Pua ilikuwa inatazama tulikotoka.

Marubani huiita graundi lupu. Mimi siku ile niliiita majina mengine.

Rafadha, ile pangaboi ya puani, haikugusa chini, na hiyo ilikuwa bahati, maana ingegusa, injini nayo ingebidi ifunguliwe ikaguliwe. Upinde wa mbao kwenye ncha ya bawa ulivunjika, kitambaa kikachanika kiasi cha kupitisha kichwa.

Fundi alikuja bila haraka, akapiga magoti, akawa anagonga mbavu za bawa moja moja kwa kidole huku akisikiliza. Mwalimu alisimama kando, mikono nyuma.

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Bandani, Mwalimu. Nilitaka kujua nani ameniona."

Fundi hakuinua kichwa.

"Tulikuona, kijana. Sote tulikuona."