Jinsi Nilivyoacha Kujificha Nyuma: Miezi Yangu ya Kwanza katika War Robots

Kwa majuma matatu ya mwanzo nilishindwa karibu kila pambano, na sababu haikuwa simu yangu wala vidole vyangu, bali ushauri niliopewa na kijana mmoja anayeuza mega za intaneti kando ya soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Aliniona nikipakua mchezo wa War Robots, akaniambia kwa nia njema kabisa, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, chukua roboti nzito kuliko zote, uifunge makombora ya mbali, halafu ukae nyuma. Hakuna mtu atakufikia." Alisema kwa uhakika wa mtu aliyecheza miaka mingi, nami nikamwamini. Naandika kwa sababu maneno hayo hayo bado ninayasikia kila ninapokutana na mtu anayeanza, na kila nikiyasikia ninakereka upya.

Mchezo huu ulitolewa mwaka 2014 na kampuni ya Pixonic. Timu mbili za watu sita sita hukutana uwanjani kwa dakika zisizozidi kumi, na kila mchezaji huingia na roboti alizoziweka hangarini mwake, yaani ghala la roboti zake, ambazo zinaweza kufika tano. Roboti ikiharibika, hairudi katika pambano hilo. Unachagua nyingine na kuendelea. Katika aina ya pambano ambayo mtu anayeanza hukutana nayo mara nyingi, uwanja una vituo vitano ambavyo sisi huku, kwa kufuata Kifaransa, tunaviita balizi. Ukisimama ndani ya duara la balizi kwa muda mfupi inageuka kuwa rangi ya timu yako, na timu inayoshika balizi nyingi zaidi huona mstari wa alama wa wapinzani ukipungua mpaka uishe. Maana yake ni kwamba timu inaweza kuharibu roboti nyingi kuliko wenzake na bado ikashindwa. Hilo ndilo yule kijana hakuniambia, na sidhani alilijua.

Nilimtii kikamilifu. Nilikusanya fedha za mchezo, senti kwa senti, mpaka nikanunua Natasha, roboti nzito yenye nafasi mbili za silaha kubwa na mbili za silaha ndogo. Kwenye zile kubwa nikafunga Zenit mbili, kwenye zile ndogo Noricum mbili. Silaha hizo zote hufika mita 1100, na makombora yake hupanda juu kwanza kisha huanguka nyuma ya majengo, kwa hiyo nilijiona nimepata siri ambayo wengine hawakuijua. Katika uwanja wa Springfield, ambao ni mji wa nyumba na vilima, nilijichagulia pembe ya nyuma kabisa nikaganda pale. Nilimlenga adui wa kwanza, nikabonyeza, makombora yakapanda kama fataki. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne. Yalipoanguka, adui alikuwa amekwisha kusogea nyuma ya nyumba nyingine, na makombora yangu yakapasukia juu ya mapaa. Nikalenga wa pili, yakawa yale yale. Wa tatu nilimpata kidogo, nikafurahi mno, kisha nikasubiri silaha zijae tena, na kusubiri huko kulikuwa kurefu kuliko nilivyodhani.

Wakati mimi nikihesabu, wenzangu watano walikuwa wakipigana katikati na watu sita. Balizi ya kati ikawa nyekundu, kisha ya kushoto, kisha ya kulia. Mstari wetu wa alama uliyeyuka kama mafuta kwenye kikaango. Mwishoni roboti moja ndogo ya adui ilizunguka ukingo wa uwanja ikaja kusimama mbele ya miguu ya Natasha wangu, na hapo niligundua kwamba makombora yanayopanda mbinguni kwanza hayana kazi yoyote kwa adui aliye karibu namna ile. Pambano liliisha kabla hajanimaliza. Nilishusha pumzi nikasema kwa furaha ya kweli kwamba sikuharibikiwa na roboti hata moja. Mdogo wangu, anayesoma chuo kikuu na aliyekuwa amekaa kando yangu akisubiri simu, aliangalia kioo akaniuliza: "Yaya, roboti zako zote ziko nzima hangarini na timu imeshindwa. Ulikuwa unazitunzia nani?"

Swali hilo lilinikaa moyoni mpaka asubuhi. Sisi watu wa Lubumbashi hatuna haki ya kutojua maana ya timu. TP Mazembe ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010 kule Abu Dhabi, ikiwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, ilipita kwa kuifunga Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil, na haikupita kwa sababu mchezaji mmoja alijitunza asichafuke jezi. Hata Kidiaba, golikipa wao, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa nyuma, alikuwa analinda kitu. Mimi nyuma kule nilikuwa silindi kitu chochote.

Jambo la kwanza tulilobadilisha mimi na mdogo wangu lilikuwa umbali wa silaha, na hapa ningependa anayeanza anisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi baada ya Natasha. Kila silaha ina umbali wake wa kufika: nyingine mita 300, nyingine 500, nyingine 600 au 800 au 1100. Nilikuwa nikifunga yoyote iliyokuja mkononi, silaha ya mita 800 pamoja na ya mita 300 juu ya roboti ile ile, na kwa sababu hiyo kila mara nusu ya silaha zangu zilikuwa kimya. Nikikaa mbali, zile fupi hazifiki. Nikikaribia, ile ndefu inapiga kidogo kuliko zile ninazokabiliana nazo. Ni sawa na kuinjika sufuria ya bukari, yaani ugali, juu ya mafiga yasiyolingana. Mdogo wangu alinipangia Vityaz, ambayo ina nafasi moja ya silaha kubwa na mbili ndogo: juu tukaweka Thunder, pembeni Punisher mbili, zote za mita 500. Thunder hutawanya risasi zake, kwa hiyo kadiri unavyosogea ndivyo inavyouma zaidi, na Punisher nazo hazikosi mtu aliye karibu. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilibonyeza na kila kitu kikalia pamoja, na roboti ya adui ambayo ingenichukua dakika nzima ikaanguka nikiwa bado ninaiogopa.

Kuhusu kuboresha silaha na roboti, sitasema mengi: boresheni silaha kwanza, kwa sababu silaha inahamishika kutoka roboti hii kwenda nyingine, lakini fedha uliyoitia katika roboti ambayo utaiacha baada ya mwezi haihamishiki. Na nafasi za hangari zijazwe mapema, hata kwa roboti dhaifu.

Kupiga na kurudi nyuma ya ukuta wakati silaha zinajaa nilikujifunza kwa maumivu, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kusimama wazi nikisubiri. Sasa ninatoka, ninamaliza risasi, ninarudi. Zipo roboti ambazo silaha yao kubwa imekaa upande mmoja tu wa mwili; basi izungushe hangarini uitazame kabla ya pambano, ujue utachungulia ukutani kwa bega gani. Nilicheza mwezi mzima nikichungulia kwa bega lisilo na kitu.

Lakini fahari yangu kubwa ni Cossack. Hii ni roboti nyepesi, ya bei ndogo, ambayo watu huinunua mwanzoni kisha huiuza au huiacha ikae bure, kwa kuwa silaha yake ni chache na mwili wake haustahimili. Sifa yake ni moja: inaruka juu sana. Mimi nilikataa kuiuza hata mdogo wangu aliponisihi, na nikaamua kwamba haitatoka mwanzo wa pambano bali mwishoni, wakati adui wote wamekwisha kusogea mbele.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote tulikuwa katika uwanja wa Mwezini, ambapo uvutano ni mdogo na kuruka kunafika mbali zaidi. Adui walikuwa na balizi tatu, sisi mbili, na mstari wetu ulikuwa umebaki kipande chembamba. Mdogo wangu alikuwa katikati na Leo yake, roboti nzito ya silaha moja kubwa na tatu ndogo, amejibanza pembeni ya ukuta akipigwa na watatu. Vityaz yangu ilikuwa imeharibika. Nikamchagua Cossack, nikapita ukingoni kabisa, nikaruka, nikatua, nikaruka tena, bila kufyatua risasi hata moja ili nisivute macho ya mtu. Mdogo wangu akapaza sauti: "Yaya, balizi yao ya nyumbani iko wazi, hakuna mutu!" Nikatua ndani ya duara. Zile sekunde za kusubiri rangi igeuke nilizihesabu kwa sauti, na jirani aliyepita dirishani alidhani ninafundisha mtoto hesabu. Ikageuka buluu.

Hapo ndipo adui walipokosea. Wawili kati ya wale watatu waliokuwa wakimpiga mdogo wangu waliacha kazi yao na kugeuka kunifuata. Cossack ingekufa kwa pigo moja au mawili, kwa hiyo sikujaribu hata kidogo kupigana. Niliruka upande wa pili wa jengo, wakazunguka, nikaruka tena. Kila sekunde waliyonifukuza ilikuwa sekunde ambayo katikati alibaki mtu mmoja mbele ya Leo na wenzetu wawili. Balizi ya kati ikawa yetu. Sasa tulikuwa na nne, wao moja, na mstari wao ukaanza kuteremka haraka kuliko wetu. Cossack hatimaye ilipatikana, lakini ilikuwa imechelewa kwao. Tulishinda kwa tofauti ndogo kiasi kwamba tulilazimika kuangalia kioo mara mbili, na katika jedwali la mwisho, ambalo huhesabu heshima ya kila mchezaji, nilikuwa wa pili katika timu yangu na roboti ambayo watu huitupa.

Tangu hapo mimi na mdogo wangu tumeunda kikosi cha watu wawili na tunaingia pamoja. Tunakaa ubavu kwa ubavu kwenye dirisha la chumba chetu huku Kampemba, kwa sababu hapo mtandao ni imara zaidi, na tunaongea kwa midomo yetu wenyewe badala ya kuandika. Tunacheza alfajiri kabla sijaenda kufundisha, saa ambazo mtandao haujabanwa, na betri imejaa kwa sababu umeme ukija usiku hatuulizi, tunachaji. Kuingia pambanoni ukiwa na asilimia chache za betri ni kuwanyang'anya wenzako mtu wa sita. Simu yangu si ya bei kubwa, nilipunguza ubora wa picha hadi wa chini kabisa ikaacha kupata moto na kukwama. Mega za juma zinanigharimu franka elfu chache tu. Pambano lenyewe halili mega nyingi, kinachozimaliza ni masasisho ya mchezo, na hayo ninayafanyia nyumba ya shangazi yenye mtandao wa waya. Ndani ya mchezo sijalipa hata franka moja.

Tumefika ligi ya Fedha (Silver), moja ya ngazi za mchezo huu, na hatuna haraka ya kupanda, kwa kuwa kila ligi inakukutanisha na hangari zenye nguvu zaidi, na nimeona watu waliopandishwa na ushindi wa bahati wakipigwa juma zima baadaye.

Jumapili iliyopita yule kijana wa mega alikuja nyumbani akaomba acheze nasi. Nilimwomba kwanza anionyeshe hangari yake. Ilikuwa vile vile: Natasha, Zenit, Noricum. Sikumlaumu, kwa sababu najua naye alifundishwa na mtu. Tulimwachia Natasha yake, tukaondoa makombora yote, tukafunga Thunder mbili na Punisher mbili, mita 500 kila moja. Katika pambano la kwanza alitufuata hadi balizi ya kati, akasimama ndani ya duara mpaka rangi ikageuka, na Natasha ikaharibiwa hapo hapo. Aliniangalia kama mtu anayeomba radhi. Nikamwambia: "Mdogo wangu, balizi ni yetu. Toa ya pili, urudi pale pale." Akaitoa ya pili, akarudi pale pale.